Mjomba, Huyo Mtu Yupo?

Alikuwa amekaa sakafuni, miguu kaikunja, pedi ya gemu iko mapajani. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimeota lengelenge.

Mpwa wangu ana miaka 11. Kwa siku nne mfululizo alikuwa akirudia kipande kilekile cha gemu ya Super Mario Bros., mwisho wa levo ya kwanza, kwenye mlingoti wa bendera. Alitaka Mario ajipenyeze ndani ya lile tofali lililoshika mlingoti, ili bendera isishuke na levo iishe mapema. Alikuwa ameona jambo hilo likifanyika, na alilijaribu akitoka shuleni, akimaliza kula, hata asubuhi kabla hajavaa sare.

Mimi ndiye niliyemwonyesha. Jumapili moja nilimwekea video ya gemu hiyo ikimalizwa kwa muda usiofika dakika tano. Mario hasimami wala hasiti. Anakwangua kingo za mabomba, anapita ndani ya ukuta, anawaruka maadui kwa nafasi ya unywele. Kijana alitazama mdomo wazi, akaomba irudiwe. Nilifurahi kumwona vile, nikaacha furaha hiyo iendelee bila kumwambia neno.

Siku ya tano, nilipoona lile lengelenge, nikamwambia: ile haikuchezwa kama unavyocheza wewe. Ilitengenezwa kwenye kompyuta, fremu moja moja, na kila mtengenezaji alipokosea alirudi nyuma.

Akaweka pedi chini taratibu.

"Kwa hiyo, mjomba, huyo mtu hayupo?"

"Yupo," nikasema, "ila..."

Sikuwa na la kumalizia. Wiki saba zimepita na swali hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

## Nilichomficha

Wengi mnaosoma hapa mnazijua mbio za zana, yaani kumaliza gemu kwa kasi kwa msaada wa zana za kompyuta, TAS kwa kifupi, kwa hiyo sitatoa somo zima. Unaendesha gemu kwenye emuleta, programu ya kompyuta inayoiga konsoli. Unaisimamisha, unachagua vitufe vya fremu moja, unaisogeza, unatazama kilichotokea. Hujaridhika? Unarudi pale uliposevu. Konsoli ile ya Nintendo hutoa picha takriban 60 kwa sekunde, na kila picha, yaani fremu, ni nafasi moja ya kuamua.

Kinachobaki mwishoni ni faili. Ya kwangu, niliyoitengeneza kwa emuleta iitwayo FCEUX, ukiifungua ni maandishi matupu: mstari mmoja kwa kila fremu, herufi R pale kulia kulipobonyezwa, B na A pale vitufe hivyo vilipobonyezwa, nukta pale ambapo hapakuguswa kitu. Mbio za dakika tano ni mistari kama 18,000. Juu kabisa kuna mstari unaohesabu mara ngapi mtengenezaji alirudi nyuma na kurekodi upya.

Gemu yenyewe haiguswi hata chembe, na hilo nilipaswa kumwambia kijana kabla ya yote. Hakuna kodi (maagizo ya programu) iliyobadilishwa wala uhai wa bure ulioongezwa. Ni vitufe tu, vilivyobonyezwa kwa wakati wake.

Lakini kuna vitufe na vitufe. Pedi ya Nintendo ina msalaba mmoja wa plastiki; ukiukandamiza kushoto, upande wa kulia unainuka. Emuleta haina plastiki, na mtengenezaji akitaka anabonyeza kushoto na kulia katika fremu ileile. Niliangalia tena kidole cha kijana. Lengelenge lilikuwa katikati kabisa, pale ambapo mtu hukandamiza akitaka kwenda pande zote mbili kwa pamoja.

Alikuwa ameng'amua mwenyewe kilichofanyika kwenye video, na alikuwa akiumia kwa kutafuta kitu ambacho pedi yake haiwezi kukitoa.

## Hatukuwa wa kwanza

Mwishoni mwa mwaka 2003 video moja ilizunguka intaneti nzima: Super Mario Bros. 3 ikimalizwa kwa dakika 11 na ushei. Aliyeitengeneza alijulikana kwa jina la Morimoto, na alikuwa ameeleza kwa Kijapani kwamba alitumia emuleta, kwamba kazi ilimchukua muda mrefu, kwamba alirudia maelfu kwa maelfu ya mara. Video ikasafiri, maelezo yakabaki nyuma. Walioiona walidhani ni binadamu aliyekaa kwenye kochi akacheza mara moja.

Kisha ukweli ukawafikia, na wengi wakakasirika. Neno lililotumika lilikuwa udanganyifu.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiisimulia habari hiyo kama kisa cha watu wasioelewa. Wacheza Doom, gemu ya kufyatua risasi, walikuwa wamekwishaanza kutengeneza mbio za namna hii tangu miaka ya 1990, na waliziita kwa jina lake wazi, kwa hiyo niliona kosa ni la watazamaji wasiouliza. Sasa siwezi tena kusema hivyo. Nimekaa na mtoto aliyepewa video bila maelezo, na nimeona uso wake ukibadilika. Hakukasirika. Alinyong'onyea. Alikuwa amejenga mtu kichwani, mtu mwenye vidole kama vyake ila vyepesi zaidi, na mimi nikamwondolea mtu huyo kwa sentensi mbili.

Desemba ya mwaka huohuo 2003 ilifunguliwa tovuti ambayo leo ni TASVideos, na desturi yake ni kwamba anayewasilisha mbio huandika pia jinsi alivyozitengeneza. Zamani niliyapita maandishi hayo haraka nifike kwenye video. Siku hizi nasoma maandishi kwanza.

## Basi la kila fremu 21

Nilitaka kumjibu kijana, na sikuwa na haki ya kujibu jambo nililolitazama tu. Nikaamua nitengeneze moja. Si gemu nzima. Levo ya kwanza peke yake.

Usiku wa kwanza nilisogeza fremu 90. Hiyo ni sekunde moja na nusu.

Mario akikimbia kwa kasi yake ya juu husogea pikseli mbili na nusu kwa fremu. Ile nusu ndiyo iliyonitesa. Ukimtazama kwenye skrini yuko mahali fulani, lakini ndani ya kumbukumbu ya gemu kila pikseli imegawanywa vipande 16, na mahali pake halisi ni katikati ya vipande hivyo. Kuna bomba moja nililigonga kwa siku tatu. Kwa macho nilikuwa nimeshavuka, ila kwa hesabu ya gemu nilikuwa nimepungukiwa vipande vitano. Nikarudi fremu 40 nyuma, nikaahirisha kuruka kwa fremu moja, nikapita. Nilisimama peke yangu chumbani saa saba usiku nikashika kichwa kwa furaha.

Wiki ya tatu nilifika kwenye bendera nikiwa nimeokoa fremu sita kuliko jaribio langu la mwanzo. Nikalinganisha mianzo ya levo ya pili katika faili zote mbili.

Ilianza katika fremu ileile.

Hapo ndipo nilipolielewa basi kwa mwili wangu. Katika gemu hii, levo ikiisha, inayofuata haiingii mpaka kihesabio fulani cha ndani kikamilishe mzunguko wake wa fremu 21. Wenye mbio hulifananisha na basi linaloondoka kila baada ya fremu 21: ukifika kituoni fremu moja baada ya lililotangulia au fremu 20, utapanda lilelile. Nilikuwa nimelisoma jambo hili mara nyingi. Kulisoma si sawa na kupoteza siku tatu za bomba ndani yake.

Fremu sita zangu zilikuwa zimekaa kituoni zikisubiri basi.

## Usiku wa kukata tamaa

Nilifunga kompyuta na kwa siku tisa sikuifungua.

Shaka yangu ilikuwa hii. Nikimtazama mtu akikimbiza gemu kwa mkono, naona anavuta pumzi kabla ya sehemu ngumu. Anaweza kukosea, na kosa lake la dakika ya nne linaua kazi ya dakika zote nne. Mbele ya emuleta hakuna lolote la namna hiyo. Sikutetemeka hata mara moja. Bahati yenyewe nilikuwa nikiichagua: gemu hizi za zamani hazina nasibu ya kweli, zinapiga hesabu kutokana na yaliyotangulia, na vitufe vilevile katika fremu zilezile huleta matokeo yaleyale daima. Usipopenda ulichopewa, badilisha fremu moja huko nyuma, upewe kingine.

Basi kijana alikuwa na haki? Huyo mtu hayupo, kuna tafutatafuta tu mpaka jibu lipatikane?

Nilirudi kwenye video ya Morimoto nikiwa na swali hilo, na safari hii nilitazama sehemu ambazo zamani nilizipitisha.

Super Mario Bros. 3 ina levo zinazojisogeza zenyewe. Merikebu za angani, vifaru vya dunia ya nane: skrini inakwenda kwa mwendo wake, na hakuna kitufe duniani kinachoweza kuiharakisha. Kwa mtu anayetafuta kasi tu, huo ni muda mfu. Angemsimamisha Mario pembeni angoje.

Hakufanya hivyo. Mario anaruka kutoka mzinga mmoja hadi mwingine, anakanyaga risasi moja baada ya nyingine bila kugusa chini, anaongeza uhai baada ya uhai mpaka hesabu inafika 99, uhai ambao hatauhitaji kwa sababu hatakufa kamwe. Anasimama kwenye ncha ya ubao mpaka skrini inakaribia kumbana, ndipo anaondoka. Mashine haikuhitaji lolote kati ya hayo, na kila mruko uligharimu marudio. Mtu alikaa mahali fulani, akafika pale ambapo kasi haina kazi, akasema: hapa nitacheza.

Nilimwona. Baada ya miaka yote hiyo nilimwona.

Tangu hapo nimekuwa nikimtafuta katika kila mbio za zana ninazofungua, na karibu kila mara yupo pale saa inapomlazimisha asubiri. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Brain Age ya Nintendo DS, gemu inayokuuliza hesabu na kukutaka uandike jibu kwa kalamu. Kuna mbio za zana ambamo mtengenezaji haandiki namba. Anachora. Picha kamili, mistari mingi, zimepimwa kwa namna ambayo mashine inaposoma mchoro inaona namba sahihi na kutoa alama. Anayeweza kuandika 7 kwa mstari mmoja na akachagua kuchora, huyo ana uso.

## Yule aliyekuwepo

Kuna upande mwingine wa swali la kijana, nao umenisumbua zaidi.

Dragster ni gemu ya Atari 2600 ya mwaka 1980. Gari moja, mstari mmoja ulionyooka, sekunde chache. Tangu mwaka 1982 rekodi yake ilikuwa sekunde 5.51, nayo ilikaa vitabuni kwa miaka 35. Nyuma yake palikuwa na mtu halisi mwenye jina na picha. Hakuna aliyeuliza kama yupo.

Mwaka 2017 mkimbiaji mmoja wa gemu aliifungua kodi ya Dragster na kuchambua kila njia ambayo gari linaweza kwenda, fremu kwa fremu. Muda mfupi kuliko yote alioweza kuupata ulikuwa sekunde 5.57. Wengine wakapitia hesabu zake, wakatumia zana zilezile tunazotengenezea TAS, wakaishia hapohapo. Januari 2018 shirika la Twin Galaxies, lililokuwa likiitunza rekodi hiyo, likaifuta.

Kwa hiyo tazama ilivyo. Video iliyoitwa udanganyifu ilikuwa imefanyika kweli, kila kitufe kimeandikwa, yeyote anaweza kuirudisha na kuihakiki. Rekodi iliyoaminiwa kwa sababu ina mtu haikuweza kuhakikiwa na yeyote mpaka zana zilipokuja. Sisemi kwamba mbio za mkono hazina ukweli. Wakimbiaji waaminifu ni wengi kuliko wasio waaminifu. Nasema nilikuwa nikiutafuta ukweli mahali pasipo pake. Niliutafuta kwenye jasho.

## Mkono unafuata

Ule ujanja wa bendera uliomtoa kijana lengelenge ulitoka kwenye mbio za zana. Palikuwa na wakati watu waliona ni jambo la emuleta peke yake, nafasi yake ni finyu mno kwa vidole. Kisha wakaja watu wakatafuta njia ya kuufanya bila kubonyeza kushoto na kulia pamoja, wakafanya mazoezi kwa miezi, na leo hakuna mkimbiaji wa juu wa gemu hii asiyeutumia. Mwaka 2021 binadamu wa kwanza alishuka chini ya dakika 4 na sekunde 55. Kati ya mkono bora na mbio za zana zinazoheshimu mipaka ya pedi halisi, pengo sasa halifiki nusu sekunde. Kwa gemu nzima.

Nilipomwambia kijana hilo, akanyanyua kichwa.

"Kwa hiyo ule wa bendera unawezekana?"

"Unawezekana. Ila si kwa njia uliyokuwa ukijaribu. Ulikuwa unaiga sehemu ya mashine. Kuna njia ya mikono."

Nikamwonyesha na mengine mawili. Januari 2014, kwenye hafla ya hisani ya Awesome Games Done Quick, kifaa kiitwacho TASBot kilichomekwa kwenye Super Nintendo halisi kupitia tundu la pedi, kikabonyeza vitufe vya Super Mario World haraka kupita mkono wowote, mpaka gemu ikakubali kuendesha kodi mpya: ndani yake ikatokea gemu ya zamani ya Pong, kisha ile ya nyoka. Kaseti ni ileile ya dukani. (Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana konsoli hazifanani. Chipu ya sauti ya Super Nintendo ina kipande cha kauri kinachoipa mapigo yake, na mapigo hayo huhama kidogo kutoka mashine hadi mashine na kwa joto, kiasi kwamba faili sahihi kabisa inaweza kupotezana na gemu katikati ya njia.)

Nikamwonyesha na la pili. Mwaka 2016 mtu anayejulikana kama SethBling alikaa mbele ya Super Nintendo akiwa na pedi mkononi. Alimsimamisha Mario mahali kwa kipimo cha pikseli, mara kwa mara, mara kwa mara, kila mahali pakiwa namba moja ya kodi, mpaka akawa ameandika mamia ya baiti ndani ya kumbukumbu ya mashine. Gemu ikageuka Flappy Bird, ile gemu ya simu ya ndege anayeruka. Kwa mikono miwili.

Kijana alitazama bila kupepesa.

"Huyu yupo," akasema.

"Huyu yupo."

"Na waliomwonyesha njia?"

## Fremu 15

Jumamosi iliyopita alikuja na kiti chake, akakiweka kando ya changu. Nilimfungulia ile faili ya levo ya kwanza. Nikamweleza basi, na kwamba tumefika kituoni mapema, tuna fremu 15 za kusubiri zisizo na kazi.

Akafikiri kidogo. "Kama basi halijafika, anaweza kucheza?"

Tukarudi mpaka kwenye ngazi za mwisho. Alitaka Mario ageuke nyuma, aangalie alikotoka, ndipo arukie mlingoti. Nikamwachia kibodi. Jaribio la kwanza tulichelewa basi kwa fremu nyingi. Akarudi. Akamgeuza kwa fremu mbili badala ya nne, tukachelewa kwa tatu. Akarudi. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, ulimi umeshika mdomo wa juu, akisogeza fremu, akisimama, akitazama miguu ya Mario kama anayetafuta sindano. Mara ya thelathini hivi tulifika tukiwa na fremu moja mkononi.

Tukaitazama kwa kasi ya kawaida. Mario anapanda ngazi, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho anageuza uso. Usipoambiwa huoni.

Akacheka mpaka akaegemea kiti. Kisha akaona namba chini ya dirisha la emuleta, akaigusa kwa kidole ambacho lengelenge lake lilikuwa limeshapona.

"Hii 1,462 ni nini?"

"Ni mara ambazo mimi na wewe tumerudi nyuma."

Akaitazama kwa muda.

"Kuna mahali pa kuandika jina?"

Nikaifungua faili kama maandishi, nikamwonyesha mstari wa mtengenezaji karibu na juu, kabla ya zile nukta na herufi kuanza. Lilikuwapo langu peke yake. Nikamsogezea kibodi.